Kipimo cha Doppler chatenganisha kijusi kidogo na kilicho hatarini

KIJUSI kidogo si lazima kiwe kigonjwa. Wapo watoto wanaozaliwa wadogo kwa kuwa wazazi wao wana maumbo madogo, na wapo wanaodumaa tumboni kwa sababu kondo la nyuma limeshindwa kuwapitishia hewa na chakula. Uzito pekee hauwatenganishi. Mkondo wa damu huweza.

Kipimo hiki chaitwa kwa jina la Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyeeleza mwaka wa 1842 jinsi mawimbi yanavyobadilika chanzo chake kinaposogea. Mwaka wa 1977, madaktari wa Dublin walieleza jinsi walivyokitumia kuchunguza damu ya kitovu.

Uchunguzi huanzia kwenye ateri za kamba ya kitovu, zinazopeleka damu ya kijusi kwenye kondo. Kondo likiwa zima, damu huendelea kusonga mbele hata moyo unapopumzika kati ya mapigo. Mishipa ya kondo ikiharibika, mkondo huo hufifia, kisha hukatika, na hatimaye damu hurudi nyuma. Hapo maisha ya mtoto yamo hatarini.

Kijusi nacho hujihami kwa kupanua mishipa ya ubongo, viungo vingine vikipunjwa. Baada ya wiki 32, dalili hiyo yaweza kuonekana ilhali ateri za kitovu zingali sawa. Kwa hivyo kupima kitovu pekee hakutoshi.

Lililo gumu ni kuamua siku ya kumzalisha mama. Mtoto akitolewa mapema mno, mapafu yake ni machanga. Akicheleweshwa, huenda akafia tumboni. Utafiti wa TRUFFLE uliohusisha wanawake 503 barani Ulaya, wenye mimba za wiki 26 hadi 32, ulichunguza pia mshipa unaopitisha damu karibu na ini kuelekea moyoni. Mwaka wa 2015 ilibainika kuwa pale madaktari waliposubiri hadi mkondo wa mshipa huo ukatike, huku wakifuatilia mapigo ya moyo, asilimia 95 ya watoto walionusurika hawakuwa na kasoro za neva wakiwa na miaka miwili. Waliotolewa kwa kutegemea mapigo pekee walikuwa asilimia 85.

Hata hivyo, Doppler haina faida iliyothibitishwa kwa kila mja mzito. Hufaa mimba zenye hatari. Tena huhitaji umri wa mimba ujulikane barabara. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza picha moja ya mawimbi ya sauti kabla ya wiki 24. Mama anayefika kliniki mwezi wa saba bila picha hiyo humwacha daktari akikisia iwapo mtoto amedumaa au tarehe zilikosewa.