Mageuko, si Mageuzi

Mtoto wa miaka miwili anasukuma kikombe cha uji na kulia. Mama akimfungua mdomo anaona vidonda vyekundu kwenye ulimi na kaakaa. Viganjani na nyayoni yametoka malengelenge madogo. Mara nyingi ugonjwa huu huisha wenyewe baada ya siku saba hadi kumi. Kwa Kiswahili huitwa ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, na jina hilo lina mtego. Mfugaji akisikia "miguu na midomo" akili yake inakwenda zizini, kwa kuwa hilo ni jina la ugonjwa wa ng'ombe. Haya ni magonjwa mawili, yenye virusi tofauti. Neno "mikono" likidondoka katika tangazo la afya, mzazi atadhani mwanawe kaambukizwa na mifugo.

Miongoni mwa virusi vinavyoleta ugonjwa huu wa watoto, kinachotisha zaidi ni enterovirusi A71, kilichogunduliwa California mwaka 1969. Mwanzo wa jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya utumbo, ndiyo sababu wapo wanaoandika "kirusi cha utumbo". Tafsiri hiyo inaeleza kinapozaliana, si kinapoua. Kwa watoto wachache hupanda hadi kwenye shina la ubongo, na ndani ya muda mfupi moyo na mapafu hushindwa kazi. Taiwan, mwaka 1998, wagonjwa 405 walizidiwa, wengi wao watoto wadogo, na 78 wakafariki. Heri kubaki na "enterovirusi" kuliko kumfanya msomaji adhani ni ugonjwa wa kuhara.

Mjadala mkubwa zaidi uko kwenye istilahi ya pili: maandishi ya urithi ya kirusi yanapobadilika kizazi baada ya kizazi, tuiteje hali hiyo? "Mabadiliko" ni pana mno. Yapo ya hali ya hewa, yapo ya baraza la mawaziri. "Mageuzi" yana mzigo wa siasa, hasa Tanzania tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Tena kuna hoja ya sarufi, nayo ndiyo nzito. Mageuzi hutokana na kugeuza, na penye kugeuza pana mgeuzaji mwenye nia. Mageuko hutokana na kugeuka. Hakuna anayekigeuza kirusi hiki, wala chenyewe hakikusudii kumkwepa mtu. Kinageuka tu.

Kinageukaje? Urithi wake wote ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 7,400. Kimeng'enya kinachonakili uzi huo hakirudi nyuma kusahihisha, kwa hiyo kila nakala huweza kutoka na kosa. Makosa mengi hupotea, machache hurithiwa. Chukua kipande kiitwacho VP1, kinachotengeneza sehemu ya ganda la kirusi: kina herufi 891, na kwa kasi iliyopimwa na watafiti, herufi kama nne hubadilika kila mwaka. Ukilinganisha vipande hivyo kutoka kwa wagonjwa wa miaka mbalimbali unaweza kuchora ukoo mzima: kundi B na matawi yake B1 hadi B5, kundi C na C1 hadi C5, na makundi mengine yaliyoonekana Afrika na Madagaska. Ndiyo maana "vinasaba" ni neno lililokaa vizuri hapa. Ndani yake mna nasaba, na hicho ndicho kinachosomwa maabara: nani kamzaa nani. Istilahi kamili basi iwe mageuko ya vinasaba.

Sarawak, jimbo la Malaysia katika kisiwa cha Borneo, ndipo mahali pazuri pa kuijaribu istilahi hiyo. Mlipuko wa mwaka 1997 ulikuwa wa tawi B3. Mwaka 2000 likaja B4, na 2003 B5. Kila miaka mitatu, tawi jipya. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mageuko ndiyo yaliyorudisha mlipuko, na hapo ndipo mwandishi wa habari za afya anapaswa kusita. Kinga anayopata mtoto dhidi ya tawi moja hufanya kazi hata kwa matawi mengine, ingawa si kwa nguvu ileile. Chanjo zilizoidhinishwa China kuanzia mwaka 2015 zimetengenezwa kwa tawi C4 pekee, lakini damu ya waliochanjwa huzuia na matawi mengine maabara.

Sababu iliyo karibu zaidi ya mlipuko kurudi iko wodi ya wazazi. Mlipuko ukipita huacha watoto wengi wakiwa na kinga. Kisha watoto wengine huzaliwa, hutambaa, huanza chekechea na kushikana mikono. Katika miaka miwili mitatu wasio na kinga wamekuwa wengi tena. Mageuko huamua ni tawi gani litakalowakuta.

Kwa hiyo maneno haya mawili yasichanganywe: mageuko ni ya kirusi, mlipuko ni wa watu. Mwaka 2006 Sarawak ililipukiwa tena, miaka mitatu kamili baada ya 2003, na tawi lilikuwa lilelile B5.