Gusii na Barua Pepe: Jina ni la Nani?
Kwa miongo mingi shule au kanisa la Gusii lilijulikana kwa sanduku la posta: nambari, kisha Kisii, Nyamira au Keroka. Mwalimu mkuu akihamishwa, ufunguo ulibaki shuleni. Barua pepe iliuvunja utaratibu huo, na chanzo ni njia iliyopitia. Kampuni kama Africa Online, iliyoanzishwa 1994 na Wakenya watatu waliosomea Marekani, zilimhudumia mwenye kompyuta na laini ya simu. Wengi Kisii hawakuwa na kimoja wala kingine. Waliingia saiba, wakalipa kwa dakika, wakawaandikia jamaa walioko Minnesota. Mtu wa saiba alitaka sanduku linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Hotmail (1996) na Yahoo (1997) walimpa bure. Mazoea hayo yakahamia ofisini, na barua za taasisi zikaishia kwenye akaunti ya karani.

Vyuo vikuu vilipita njia nyingine. Mwaka 1999 viliungana kuunda KENET, mtandao wao wenyewe. Kanuni za SMTP za kusafirisha barua pepe, alizoandika Jon Postel mwaka 1982, humruhusu yeyote kuwasha seva na kupeleka barua bila kuomba kibali. Hata hivyo, vyuo vingi duniani vilivutwa na huduma ya bure ya Google, hadi 2021 ilipotangaza kwamba nafasi isiyo na kikomo inakoma na kila taasisi itapewa terabaiti 100 za pamoja. Aliyeitoa bure ndiye aliyeipunguza.

Je, kila ofisi ya kata iwashe seva? Wanaopinga wana hoja nzito: umeme hukatika, fundi huwa mmoja, barua taka hazina mwisho. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti ya kuthibitisha mtumaji, na barua za seva ngeni hutupwa kwa urahisi. Nakubali yote hayo. Lakini mkulima wa Nyamira hasindiki chai nyumbani. Huipeleka kiwanda cha Kebirigo au Sanganyi, na nambari ya mkulima hubaki yake. Kinachopaswa kumilikiwa ni jina la kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @. Chuo Kikuu cha Kisii kikiwa na kisiiuniversity.ac.ke, kinaweza kumhama mtoa huduma leo bila anwani hata moja kubadilika. Shule zimetengewa .sc.ke, na kaunti mbili za Gusii zina kisii.go.ke na nyamira.go.ke. Wapo watakaosema ada ya kila mwaka ni mzigo. Kwangu, kupoteza barua za zabuni na za wazazi afisa anapohama ni hasara kubwa zaidi.

Raia wa kawaida hahitaji jina la kikoa. Shida yake iko saiba, ambako mhudumu humfungulia akaunti ili apate PIN ya mamlaka ya mapato, KRA, kisha nywila hubaki kwenye daftari la mhudumu. Anachohitaji ni nywila aliyoichagua mwenyewe na akaunti iliyofungwa kwa laini yake ya simu.