Mvua na mabwawa ya majitaka Eldoret

ELDORET, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, hupata mvua nyingi kati ya Machi na Septemba. Mabwawa ya kusafishia majitaka huhitaji uangalizi mkubwa zaidi majira hayo.

Katika mabwawa hayo, jua na muda ndivyo huangamiza viini vya maradhi. Maji ya mvua yakiingia kwa wingi, majitaka husukumwa nje kabla ya kusafishika, yakaingia Mto Sosiani na kuwadhuru wanaoteka maji chini ya jiji. Mto huo hatimaye humwaga maji yake katika Mto Nzoia, uendao Ziwa Viktoria.

Kinga ya kwanza ni mitaro ya kuepusha maji ya mvua. Pili, maji ya paa yasielekezwe katika mabomba ya majitaka. Tatu, kina kipunguzwe kabla ya mvua kuanza. Nne, pawe na njia imara ya mawe au saruji ya kutolea maji ya ziada, kwani yakipita juu ya ukuta wa udongo huumomonyoa.

Ukuta ukivunjika, hasara huwa kubwa. Bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, ambalo halikuwa la majitaka, lilipasuka Mei 9, 2018 na kuua zaidi ya watu 40.