Utumbo uliomeza utumbo

Huku Nyakunguru, wilaya za Tarime na Serengeti zinapopakana, aliyewahi kuosha matumbo ya ng'ombe anajua yanavyogeuzwa: unashika ncha, unaisukumia ndani, maji yanamalizia. Sasa fikiria utumbo wa mtu aliye hai ukijiingiza hivyo wenyewe, kipande cha juu kikimezwa na cha chini, na mishipa ya damu ikibanwa humo humo.

Mholanzi Paul Barbette, tabibu wa Amsterdam, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1674. Mwaka 1789 John Hunter wa London akaueleza kwa kina zaidi. Kuueleza, hata hivyo, si kuutibu. Ni mwaka 1871 ndipo Jonathan Hutchinson, London hiyo hiyo, alipompasua mtoto wa kike wa miaka 2, akauvuta utumbo ukarudi mahali pake, na mtoto akapona.

Kwa kweli ni ugonjwa wa watoto zaidi: katika wagonjwa 100, watu wazima ni kama 5 tu. Lakini kwa mtu mzima, mara 9 kati ya 10, kuna kitu kinachouvuta utumbo. Huenda ni saratani. Huenda ni uvimbe wa mafuta tu, ambao mtu aitwaye Bauer aliueleza kwenye utumbo mpana mwaka 1757: mafuta ya njano, laini, kama yale yanayozunguka figo la ng'ombe. Ukiwa mdogo, mtu huzeeka nao bila kujua. Ukifika sentimeta 4 hivi, utumbo huusukuma mbele kama unavyosukuma chakula, nao huondoka na ukuta ulipoota.

Kinachoniuma ni kwamba maumivu ya ugonjwa huu huja na kuondoka, wiki hata miezi. Ni rahisi kudhani ni minyoo au vidonda vya tumbo. Mtu anameza dawa, tumbo linatulia, anarudi shambani. Ultrasaundi ingeonyesha duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa kati.

Hospitali za kumpeleka zipo. Huku mkoani Mara, wamisionari Wamennonite walifika Shirati, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1934, na hospitali ikakua hapo. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, miaka 100 baada ya kisu cha Hutchinson.

Kwa mtu mzima daktari haishii kuuvuta utumbo. Hukikata kipande chenye uvimbe, akaunga ncha mbili, akakipeleka maabara, maana jicho peke yake linaweza kudanganywa. Majibu yakisema ni mafuta, mgonjwa hahitaji dawa za saratani. Mshono ukipona, anarudi kwa ng'ombe wake.