Watu Waliomzunguka Antoni

Ukizungumzia ukimya na upweke kanisani, haikawii mtu atamtaja Antoni wa Misri. Tumezoea picha ya mzee mwenye ndevu, peke yake jangwani, hana haja na mtu. Lakini kila nikisoma wasifu wake, ulioandikwa na Askofu Atanasi wa Aleksandria miaka michache baada ya Antoni kufariki mwaka 356, nakuta watu kila upande.

Wa kwanza ni dada yake. Wazazi wao walipokufa, Antoni alikuwa na miaka kama 18 au 20, na binti yule bado mdogo sana. Antoni akasikia Injili ikisomwa, ile ya tajiri aliyeambiwa auze mali yake. Akagawa mashamba, akauza vitu, akambakizia dada kidogo. Baadaye hata hicho kidogo akawapa maskini, na mtoto akakabidhiwa kwa mabikira wamlee. Jina lake hatuambiwi, wala kama aliulizwa. Hapo huwa nasimama kwanza. Wanaosifu upweke huu hupita haraka mno, kana kwamba gharama yote aliibeba Antoni. Miaka mingi baadaye walionana tena. Dada keshazeeka, naye anawaongoza mabikira wenzake. Atanasi anasema Antoni alifurahi. Ya dada hakuyaandika.

Halafu kuna watu wa mikate. Antoni alijifungia karibu miaka 20 ndani ya ngome iliyohamwa, ng'ambo ya mto Nile, na mara mbili kwa mwaka waliteremshiwa mikate kutoka juu ya paa. Mwishowe waliochoka kungoja nje wakauvunja mlango. Eti walimkuta hakukonda wala hakunenepa! Labda Atanasi katia chumvi, maana naye alikuwa na mtakatifu wa kumtangaza.

Mwaka 311, Wakristo wakiteswa, aliteremka Aleksandria akawahudumia waliofungwa. Kisha akakimbilia mlima wa mbali, kuelekea Bahari ya Shamu. Huko nako ndugu wakamfuata na mikate. Alipoona wanavyotaabika njiani, akaomba jembe, shoka na ngano kidogo, akalima mwenyewe. Wageni hawakukoma. Basi akapanda na mboga, wapate cha kutia mdomoni baada ya safari ile.