Salamu na Kamera ya Kizibao

Watu wengi hudhani kwamba kamera ya kuvaliwa mwilini ni shani ya zama zetu. Sivyo. Mnamo 1886 ilianza kuuzwa kamera bapa, mviringo kama kisahani, iliyovaliwa kifuani chini ya kizibao. Jicho lake lilichungulia katika tundu la kifungo, na kioo chake kimoja kilitosha picha sita.

Miaka michache baadaye kamera hiyo ilimfikia Carl Størmer, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Norway, aliyekuja kusifika kwa hisabati na kwa kuchunguza nuru za anga ya kaskazini. Alikuwa akitembea katika barabara ya Karl Johan, katika mji ambao leo ni Oslo, akiwasalimu wapitao. Mtu alipoinua kofia kuitikia, kijana alivuta uzi uliofichwa mfukoni. Akapata picha zipatazo 500, ya Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia, ikiwamo.

Ni picha za kupendeza, nami sichoki kuzitazama. Lakini moyo hunisuta: kijana yule aliifanya salamu chambo.

Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika kuwa sheria imlinde mtu asiingiliwe katika faragha yake. Picha za papo kwa papo zilikuwa miongoni mwa yaliyowasukuma. Hoja hiyo haijazeeka. Mwaka 2013 Google ilipowauzia watu wa kwanza miwani yenye kamera, kwa dola 1,500, baadhi ya baa za Marekani ziliipiga marufuku. Mwaka 2015 uuzaji kwa umma ukasimamishwa. Mwaka 2021 ikaja ya Ray-Ban na Facebook, ambayo kwa mbali ni miwani ya jua tu, ila ina kitaa kidogo. Kizibao kimerudi, kimehamia usoni.

Kwetu pwani, katika shughuli za harusi za wanawake, ambako mabuibui huvuliwa na nywele huachwa wazi, simu huweza kuzuiwa mlangoni. Miwani je? Nani atamwambia mgeni avue macho yake?

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona yote, akanyamaza. Ndiyo maana tunamkabidhi wetu. Picha za Størmer zilikaa kwake miaka mingi kabla ya kuonyeshwa. Miwani ya leo haina subira hiyo. Kuona si kosa. Kosa ni kuondoka na sura ya mtu ambaye alikuitikia salamu tu.