Vali ya tangi la maji: Jinsi ya kuichagua na kuikagua katika nyanda kavu za Taita Taveta

TANGI huhifadhi maji, lakini vali ndiyo huyalinda. Katika nyanda kavu za Kaunti ya Taita Taveta, kuanzia Voi na Maungu hadi vijiji vilivyo chini ya Mlima Kasigau, familia nyingi hutumia akiba ya miaka kununua tangi la lita 5,000 au 10,000. Kifaa kinachofungwa mahali bomba linapopenya ukuta wa tangi hilo, aghalabu hununuliwa siku ya mwisho kwa fedha zilizosalia. Hapo ndipo hasara huanzia.

Hesabu yake ni nyepesi. Vali inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita nne kwa siku. Katika kiangazi cha miezi mitano, hasara hiyo hufikia takriban lita 650, yaani zaidi ya mitungi 30 ya lita 20. Uvujaji wa lita moja kila dakika 10, ambao hauwezi kusikika usiku, hukausha tangi lililojaa la lita 5,000 kwa muda wa siku 35 hivi.

Maji yanatoka wapi

Voi hupata wastani wa takriban milimita 550 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha katika msimu wa vuli wa Oktoba hadi Desemba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa huleta lita moja ya maji. Hivyo, paa la mabati lenye mita 50 za mraba linaweza kukusanya hadi lita 27,500 kwa mwaka wa kawaida, kabla ya kuondoa yanayomwagika na yanayokauka. Lakini si kila mwaka huwa wa kawaida. Mnamo Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na mvua ziliendelea kukosekana katika sehemu nyingi kame za nchi hadi mapema mwaka 2023.

Chanzo kingine ni bomba la Mzima. Chemchemi za Mzima zimo ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, na maji yake huchujwa na miamba ya volkeno ya vilima vya Chyulu. Bomba lenye urefu wa takriban kilomita 220, lililokamilika mwaka 1957, huyapeleka Mombasa kwa nguvu ya mteremko na kuugawia mji wa Voi sehemu yake njiani. Viongozi wa Taita Taveta wamedai kwa miaka mingi kwamba kaunti yao hainufaiki ipasavyo na maji hayo. Kwa mwenye nyumba, hoja iliyo karibu zaidi ni kwamba maji ya mfereji huja kwa zamu, na yanapokuja sharti yaingie tangini na kubaki humo.

Aina za vali

Vali mbili ndizo hutumika sana kwenye matokeo ya tangi. Ya kwanza ni vali ya geti. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachoshuka na kupanda kama lango, na hufungwa kwa kuzungusha gurudumu dogo mara kadhaa. Ya pili ni vali ya tufe. Hii ina tufe lililotobolewa katikati, na hufungwa kwa kugeuza mkono wake robo ya mzunguko tu.

Kwa tangi la nyumbani, vali ya tufe ndiyo bora. Mkono wake ukilala sambamba na bomba, imefunguliwa, ukikingama, imefungwa. Hata mtoto anaweza kuitambua hali yake akiwa mbali. Vali ya geti haina ishara hiyo. Isitoshe, mchanga ukijikusanya katika kitako chake, lango halifiki chini na maji huendelea kupita. Kasoro yake mbaya zaidi ni kwamba shina lake linaweza kukatika kwa ndani, gurudumu likazunguka vizuri huku lango likiwa halisogei.

Hata hivyo, vali ya tufe isiachwe nusu wazi kwa muda mrefu, kwani maji yanayopita kwa kasi hula kitako chake. Tena, kwenye mabomba marefu yanayoshuka kutoka milimani, kuifunga ghafla huzua kishindo cha maji kinachoweza kupasua viungo. Katika njia kama hizo vali ya geti, inayofungwa polepole, ina nafasi yake.

Mbali na hizo, tangi linalojazwa na mfereji huhitaji vali mbili zaidi. Moja ni ya boya, inayofunga maji tangi linapojaa, maadamu maji ya zamu huweza kuja usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Nyingine ni ya kuzuia maji kurudi nyuma. Bomba la barabarani likiwa tupu linaweza kuyafyonza maji ya tangi, iwapo bomba la kujazia limezama ndani yake.

Madini yaliyotumika

Vali nyingi madukani ni za brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Brasi ya kawaida ina adui wake: maji laini yenye asidi kidogo kama ya mvua, au yenye chumvi nyingi kama ya visima vingi vya nyanda za chini, huweza kuitoa zinki polepole. Kinachosalia ni shaba yenye vitundu kama sifongo, iliyo na umbo lilelile la vali lakini isiyo na nguvu. Vali ya namna hiyo huweza kuvunjika mkononi mwa fundi siku inapoguswa.

Mnunuzi aulize brasi inayostahimili kutolewa zinki, ambayo watengenezaji huipiga chapa ya herufi DZR au CR. Bronzi, mchanganyiko wa shaba na madini ya bati, hustahimili zaidi. Ndiyo sababu mabaharia huichagua kwa vali zinazopenya sakafu ya mashua, ambako vali ikivunjika bahari huingia chomboni. Kwenye tangi mambo hugeuka, maji yakatoka badala ya kuingia, lakini kanuni ya uteuzi ni ileile.

Vali za plastiki hazipati kutu wala haziathiriwi na chumvi, na bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni jua. Plastiki isiyokingwa hukauka na kuwa kama kigae baada ya miaka kadhaa katika jua la Voi. Anayeitumia aifunike kwa kisanduku au aipake rangi inayofaa plastiki.

Vali ya brasi isiunganishwe moja kwa moja na bomba la chuma lililopakwa zinki. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji, lililo dhaifu huliwa haraka karibu na kiungo. Kipande kifupi cha plastiki kati yake huondoa tatizo hilo.

Shinikizo na alama

Vali nyingi huandikwa PN na tarakimu. PN 16 humaanisha kwamba vali inahimili shinikizo la maji yaliyosimama kwa kimo cha takriban mita 160. Kwa tangi lililo juu ya jukwaa la mita tatu, hilo ni zaidi ya kutosha. Katika Milima ya Taita hali ni tofauti. Kilele cha Vuria kina kimo cha mita 2,208, ilhali Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Bomba likishuka mita 200 bila tangi la kupunguzia shinikizo, vali ya PN 16 iliyofungwa chini yake tayari imezidiwa.

Mnunuzi atazame pia alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), na aishike vali mkononi kabla ya kulipa. Vali nzito kwa ukubwa wake, yenye meno yaliyochongwa vizuri na mkono usioyumba, ni dalili njema. Ile nyepesi mno imepunjwa madini.

Kuifunga ipasavyo

Tundu la tangi la plastiki likatwe kwa msumeno wa duara, si kwa kuyeyusha kwa chuma cha moto, kwani kingo zilizoyeyuka hazilingani na washa ya mpira haikai vyema. Liwe sentimita kadhaa juu ya sakafu ya tangi ili matope yabaki chini, na tundu jingine la kusafishia liwekwe chini kabisa. Nati ikazwe kwa mkono, kisha kwa spana kidogo tu; kuikaza kupita kiasi hupasua ukuta.

Vali ya kwanza ikae karibu na tangi iwezekanavyo, kabla ya kona au mgawanyiko wowote wa bomba. Bomba lenyewe liegemezwe juu ya tofali au nguzo, lisining'inie kwenye vali. Kwa kuwa hifadhi za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti, na ndovu wenye kiu wamezoea kung'oa mabomba na kubomoa matangi vijijini, ni busara kuijengea vali kijumba cha zege chenye mfuniko imara. Kijumba hicho kiwe na nafasi ya mkono kuingia. Vali iliyofukiwa haikaguliwi.

Ukaguzi mara mbili kwa mwaka

Wakati mwafaka ni mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, na mwishoni mwa Februari kabla ya masika. Tangi huwa karibu tupu, hivyo vali mbovu hubadilishwa bila kumwaga maji ya akiba.

Kwanza, vali ifungwe na kufunguliwa kikamilifu mara mbili au tatu. Ikikwama isilazimishwe, iwekwe kwenye orodha ya kubadilishwa. Pili, itazamwe kwa makini. Ukoko wa kijani au mweupe kwenye kiungo huonyesha kwamba maji yamekuwa yakipenya. Madoa ya rangi ya waridi au nyekundu kwenye brasi ni dalili kwamba zinki imeanza kutoka. Tatu, shina na viungo vifutwe, kisha vizungushiwe karatasi kavu kwa saa moja. Unyevu mdogo kabisa utajionyesha. Shina likivuja, nati inayolibana ikazwe kidogo, na mara nyingi hilo hutosha.

Jaribio la mwisho hufanywa usiku. Mfereji wa kujazia na vali ya tangi hufungwa, kisha kina cha maji hupimwa kwa kijiti kikavu kilichotiwa alama. Asubuhi hupimwa tena. Kina kikipungua, tangi au kiungo chake kinavuja. Kina kisipopungua, vali ifunguliwe na jaribio lirudiwe usiku unaofuata huku mifereji yote ya nyumbani ikiwa imefungwa. Kikipungua safari hii, kasoro iko kwenye mabomba yaliyo mbele ya vali.

Vali ikivunjika tangi likiwa limejaa

Mabaharia wana desturi ya kufunga kando ya kila vali kizibo cha mti laini, kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja. Kizibo hicho kikigongwa tunduni hufura kwa maji na kuzuia mkondo hadi fundi apatikane. Desturi hiyo yafaa kuigwa nchi kavu. Kizibo kichongwe mapema kulingana na upana wa tundu, kifungwe kwa kamba kwenye jukwaa la tangi, na kila mtu wa nyumbani, wakiwemo watoto wanaobaki peke yao mchana, aonyeshwe mahali kilipo na namna ya kukitumia.